Natumika kanisani wiki nzima lakini sisali tena. Nifanyeje?

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, nina miaka 38, nina mume na watoto watatu. Kanisani kwetu ni mweka hazina wa umoja wa wanawake, naimba kwaya, na mwaka huu nimeingizwa kamati ya ujenzi. Jumuiya yetu inazunguka nyumba kwa nyumba, na Jumamosi ijayo ni zamu yangu kuipokea. Kila mtu ananiambia Mungu atanilipa. Ukweli mama, tangu Kwaresima sijakaa mimi na Mungu wangu tu. Nikipiga magoti usiku nasinzia palepale, nashtuka saa nane miguu imekufa ganzi. Nikisikia habari za Martha na Mariamu zinahubiriwa najiona nimehukumiwa. Je, niache huduma? Na nikiacha, nani atafanya?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, nani atafanya, maana nililijibu zamani nikiwa nimelala chali.

Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo wakati nikiwa mweka hazina kama wewe, tena mwalimu wa shule ya Jumapili, tena mama wa jikoni kwenye kila semina. Kitandani hospitalini sikuwa nawaza kidonda. Nilikuwa nawaza nani atapeleka fedha benki, nani anajua ufunguo wa kabati la masufuria uko wapi, nani atawakumbusha wa kundi la pili kwamba hawajamaliza michango. Wiki ya pili mwenyekiti wetu akaja kuniona, kabeba machungwa. Nikamuuliza kwa wasiwasi habari za hazina. Akasema huku anamenya chungwa, "Aa, hiyo tulishampa mama fulani Jumapili ileile."

Jumapili ileile! Nyuzi zangu zilikuwa bado hazijatolewa. Nikwambie ukweli, iliniuma kuliko kidonda. Usiku ule nililia, na siyo kwa kumshukuru Mungu kwamba kazi yake inaendelea. Nililia kwa sababu kumbe nilikuwa napenda kuhitajika, na mapenzi hayo nilikuwa nimeyapa jina la utumishi.

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani nikaomba waniletee Biblia yangu. Ilifunguka yenyewe, kama zinavyofunguka Biblia zenye vitu ndani. Kwenye Zaburi palikuwa na orodha ya michango ya msiba, majina yamewekewa alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Kwenye Isaya risiti ya turubai na viti hamsini. Huko Waebrania, bahasha ya sadaka, tupu. Biblia ile nilikuwa naibeba kwapani kila siku ya Mungu, na watu wakiniona njiani wanasema mama yule ni mtu wa Neno. Ilikuwa faili langu la hesabu.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia kutoka juu.

Sasa Martha. Unasema ukisikia habari zake unajiona umehukumiwa, na sishangai, maana nimesikia mahubiri mengi juu ya sura ile yaliyohubiriwa na mwanamume aliyekuwa anasubiri chakula. Anamsema Martha saa nzima, halafu anabariki pilau aliyopika Martha. Isome mwenyewe, Luka 10:38-42, ni mistari mitano tu: Martha anamkaribisha Yesu na kuhangaika na kazi, Mariamu ndugu yake ameketi miguuni pa Yesu anasikiliza. Hakuna mahali Yesu anapomwambia Martha aache kupika. Luka anasema alikuwa "akihangaika kwa utumishi mwingi", na neno la Kigiriki lililotafsiriwa kuhangaika lina maana ya kuvutwa huku na huku, kama kitenge kinachogombewa na wateja wawili. Na huo utumishi, kwa Kigiriki, ni neno lilelile ambalo kanisa lililichukua baadaye kwa huduma zake za heshima kabisa. Tatizo la Martha halikuwa sufuria. Lilikuwa huko kuvutwa.

Angalia pia ni nani anayezungumza. Katika mistari ile mitano Mariamu hasemi neno hata moja. Martha ndiye anayesema na Yesu, lakini sikiliza anachosema: ndugu yangu ameniacha, natumika peke yangu, mwambie anisaidie. Mimi, mimi, mimi, kisha amri kwa mgeni. Amemkaribisha Bwana nyumbani na sasa anamtuma. Hapo ndipo mimi nilipojikuta, maana sala zangu za miaka ile, zile chache, zilikuwa hivyohivyo: Bwana, watu wa kundi la pili hawatoi, waguse.

Halafu Yesu anamwita mara mbili, "Martha, Martha". Ukitafuta katika Maandiko utakuta nani wengine waliitwa mara mbili hivyo: Ibrahimu kisu kikiwa mkononi, Musa penye kijiti kinachowaka, Samweli mtoto usingizini, Sauli njiani kwenda Dameski. Wote walikuwa mahali pa kugeuka. Mtu anayehukumiwa haitwi hivyo. Hivyo tunamwita mtoto anayekimbia na kikombe cha chai ya moto.

Na hilo la kukaa miguuni, wengi tunalichukulia kama kupumzika, mama kajikunja kwenye mkeka anamtazama Bwana kwa upole. Paulo, anapojieleza mbele ya Wayahudi kule Yerusalemu katika Matendo 22, anasema alilelewa "miguuni pa Gamalieli", maana yake alisomeshwa. Mariamu aliketi darasani. Wewe ni mwalimu, unajua tofauti ya mwanafunzi aliyekaa na mwanafunzi anayezungukazunguka kugawa madaftari. Anayegawa madaftari anasaidia sana, na mara nyingi ndiye asiyejua somo lilikuwa nini.

Hiyo ya kutojua somo nimeiona kwa macho. Tulikuwa na semina ya wanawake ya siku tatu, sisi kumi na wawili tukiwa jikoni nyuma ya ukumbi. Sauti ya mhubiri ilikuwa inatufikia upepo ukigeuka, nusu sentensi, kisha moshi, kisha mtu anauliza chumvi iko wapi. Mimi nilishika mwiko mrefu kama kasia. Siku ya mwisho tukaitwa mbele tupigiwe makofi, kanga zimelowa, macho mekundu, ukumbi mzima umesimama. Mama mmoja mdogo aliyesimama kando yangu akaniinamia akaninong'oneza, "Mama, somo lilikuwa linasemaje?" Sikujua. Siku tatu nilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye Neno na sikujua.

Mwaka uliofuata tulisema wazi: wapishi ni akina baba. Ilikuwa kazi kuwakubalisha, na wali ulitoka na ukoko wa kutisha, nusu ya sufuria. Chakula kilichelewa saa nzima na nusu. Lakini tulikaa ndani wote, na nikikuuliza leo somo la mwaka ule bado nalikumbuka.

Nakueleza habari ya ukoko kwa makusudi. Watu wengi watakushauri upange muda wako vizuri ili upate nafasi ya sala, kama vile ukijipanga vya kutosha, wali hautaungua na wewe utakuwa umesikia somo. Mimi siamini hivyo tena. Ukiamua kukaa na Mungu, kitu fulani kitachelewa, au kitafanywa vibaya, au hakitafanywa, na mtu fulani atanung'unika. Pale Bethania aliyenung'unika alikuwa dada wa tumbo moja. Kwa hiyo swali langu kwako si kama utapata muda. Muda hutaupata, wewe ni mwalimu wa Dar es Salaam, unaamka saa kumi na moja na foleni inakusubiri. Swali ni utakubali kitu gani kichelewe, na unung'unikiwe na nani.

Bwana wetu mwenyewe alikubali. Soma Marko 1. Usiku ule Kapernaumu mji wote ulikusanyika mlangoni, wagonjwa wa kila namna. Alfajiri na mapema sana akatoka, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba. Simoni na wenzake wakamfuata mbio mpaka wakampata: "Watu wote wanakutafuta." Ungetegemea arudi amalizie foleni. Akasema twendeni mahali pengine, vijiji vya karibu. Mistari ile huwa naisoma taratibu kila ninapoombwa jambo na moyo wangu unakwenda mbio kusema ndiyo.

Najua utakachoniuliza sasa: na yule mke mwema wa Mithali 31, anayeamka kabla hakujakucha, ambaye taa yake haizimiki usiku? Tunachapwa naye sana kwenye sikukuu za wanawake na sherehe za kumfunda bibi harusi. Mambo mawili. Kwanza, lile ni shairi la beti ishirini na mbili, kila ubeti katika Kiebrania unaanza na herufi inayofuata, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Ni sifa za maisha mazima zilizopangwa kwa alfabeti, halikuandikwa kama ratiba ya Jumanne. Pili, soma mstari wa 15 polepole: anawagawia wajakazi wake sehemu zao. Alikuwa na wajakazi! Na baada ya sufu na kitani na shamba la mizabibu lote, mshairi anamaliza kwa kusema atakayesifiwa ni mwanamke amchaye Bwana.

Hapohapo kwenye wajakazi, niseme jambo ambalo huwa halipendezi. Kama una dada wa kazi nyumbani, usinunue utulivu wako kwa mgongo wake. Nimewajua akina mama wa maombi ambao saa kumi alfajiri wanafungua Zaburi sebuleni, na binti wa miaka kumi na saba yuko nje anawasha mkaa, na hajawahi hata siku moja kuulizwa kama naye anataka kusali. Huyo Martha hajaondoka, ameajiriwa tu. Ukiweka saa yako ya ukimya, muwekee na yeye ya kwake.

Tuje kwenye kusinzia, maana naona ndiko kunakokutia aibu zaidi. Mwanangu, usingizi wako si dhambi, ni taarifa. Unalala saa ngapi? Eliya alipokimbilia jangwani amechoka mpaka anaomba kufa, Mungu hakumpa somo. Soma 1 Wafalme 19. Alilala chini ya mti, malaika akamgusa, akakuta mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kingine. Ile "sauti ndogo, ya utulivu" tunayoipenda ilikuja baadaye sana, baada ya usingizi mara mbili, milo miwili na safari ya siku arobaini. Ushauri wangu wa kwanza wa vitendo basi ni huu: kwa wiki mbili acha kabisa kupiga magoti usiku. Saa tatu na nusu sema Baba Yetu ukiwa umeshavaa nguo za kulala, ulale. Zaburi ya 127 inasema Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Upokee.

Halafu tafuta saa nyingine mchana. Sisi tumelelewa kuamini kwamba sala ya kweli ni ya alfajiri au ya mkesha, na ambaye hakeshi ni vuguvugu. Mkesha ni mzuri, nimekesha sana, lakini mkesha wenye spika sita hauhesabiki kuwa ukimya, na wako wanawake wanaokwenda kwenye maombi ya kelele siku tano kwa wiki kwa sababu wanaogopa kukaa kimya peke yao. Hiyo nayo ni shughuli. Isaka alitoka shambani kutafakari jioni. Petro alipanda darini kuomba saa sita mchana, saa sita hasa kama tunavyoihesabu sisi. Wewe, nadhani, saa yako iko shuleni: watoto wameondoka, ofisi ya walimu ina kelele, lakini darasa lako ni tupu. Funga mlango. Robo saa, ukiwa na vumbi la chaki mikononi. Utafika kituoni umechelewa robo saa, na foleni ya Mbagala au ya Kimara itakuwa ileile.

Kama ni lazima iwe nyumbani, nakuhurumia, lakini tazama stoo. Yesu anaposema katika Mathayo 6 uingie katika chumba chako cha ndani ufunge mlango, neno la Kigiriki lililopo pale ni la chumba cha kuhifadhia vitu, yaani stoo. Nyumba za watu wa kawaida kule Galilaya hazikuwa na vyumba vya kuchezea. Mahali penye mlango ni palipokaa nafaka. Mimi nimesali miaka mingi nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, gunia la mchele upande mmoja na madumu ya maji upande wa pili. Wajukuu wanajua, bibi akiwa stoo, mlango haugongwi mpaka atoke. Mwanzoni waligonga. Wakazoea.

Simu ibaki nje. Hili sina mjadala nalo. Najua Biblia iko kwenye simu na ni rahisi kubeba, lakini kwenye simu hiyohiyo kuna kundi la WhatsApp la kamati ya ujenzi, na fundi atatuma picha ya zege wakati unasoma Heri. Tafuta Biblia ya karatasi, na kabla ya yote itoe risiti zote ndani.

Ukishakaa, ufanye nini? Hapa wanawake wengi hukwama, maana tumefundishwa kuomba na kuombea tu, orodha ndefu, na orodha ikiisha tunaona muda umeisha. Anza na Zaburi ya 131. Ina mistari mitatu. Mwandishi anasema ameituliza nafsi yake na kuinyamazisha, "kama mtoto aliyeachishwa" kifuani mwa mama yake. Wewe umenyonyesha watatu, huhitaji mwanazuoni akueleze. Mtoto anayenyonya ukimpakata hatulii. Anajigeuza, anafungua mdomo, mkono unavuta blauzi, anajua ziwa liko hapo na amelifuata. Yule aliyekwisha kuachishwa anaweza kupanda mapajani mwako akakaa tu. Hatafuti kitu. Amekuja kwako kwa ajili yako. Tena kumwachisha hakukuwa rahisi, unakumbuka zile usiku tatu za kilio.

Basi soma mistari ile kwa sauti, polepole, mara mbili. Kisha kaa. Mawazo yatakuja, michango, ada, mboga, yule mtoto wa darasa la nne asiyejua kusoma. Usipigane nayo. Rudi kwenye mstari mmoja. Siku ya kwanza robo saa itakuwa ndefu kama ibada ya kuweka wakfu jengo. Usijipime kwa kusikia kitu. Fanya hivyo siku tano kwa wiki, zaburi ileile kwa wiki nzima, ndipo uende nyingine. Nilikwenda mara moja kule Peramiho, mimi Mlutheri, nikawaangalia wamonaki Wabenedikto, watawa wa Kikatoliki, ambao wako pale tangu 1898. Kengele ikilia, aliyeshika randa anaiweka chini, na sheria yao ya kale inawataka hivyo, waache chochote kilichomo mikononi. Nilichokionea wivu si utakatifu wao. Ni ile kwamba hawaamui kila siku upya kama leo wana nafasi. Kengele ilikwisha kuwaamulia. Wewe kengele ya shule unayo.

Huduma je? Usiache zote. Ukiacha zote kwa hasira utarudi zote kwa aibu baada ya mwezi. Kwaya baki nayo, kama unapoimba unasikia unachoimba. Mimi ningemwachia mtu hiyo pia kama mazoezi yenu ni ugomvi wa sare, lakini hukulalamikia hilo. Uweka hazina, maliza mwaka, funga vitabu vizuri, kabidhi mbele ya mashahidi, na usikubali kuongezewa muhula. Kamati ya ujenzi ondoka mwezi huu. Umeandika mwenyewe kwamba "umeingizwa", na mtu aliyeingizwa anaweza kutoka. Usitunge uongo kwamba unaumwa. Mwambie mwenyekiti: "Baba, naomba udhuru katika kamati ya ujenzi. Majukumu yamenizidi, na maisha yangu ya sala yamepungua, nataka kuyarudia. Naomba kanisa linitafutie mtu wa nafasi yangu." Atakwambia Mungu anatuona. Itikia amina, usiongeze neno. Ukieleza sana utapewa nusu ya kazi.

Na mume wako hukumtaja isipokuwa kumhesabu. Mwambie yote uliyoniambia mimi, pamoja na ile ya miguu kufa ganzi. Pengine anadhani unafurahia, maana kila Jumapili anasikia ukisifiwa madhabahuni. Muombe kitu kimoja kinachoshikika, kwa mfano jioni mbili kwa wiki yeye awaogeshe watoto na kuwalaza. Usimwombe "anisaidie kidogo", maana hilo halina mpaka, hata Martha alipoliomba lilimharibikia.

Viongozi wetu nao wana lao la kujibu. Tangazo la "akina mama watabaki kidogo baada ya ibada" nimelisikia maisha yangu yote. La akina baba kubaki kidogo kuosha vyombo bado nalisubiri. Kanisa linalomsifu Martha kila Jumapili na kumhubiria Mariamu mara moja kwa mwaka lisishangae wanawake wake wakikauka. Lakini hilo hutalirekebisha wewe mwezi huu, na usiligeuze kuwa kamati nyingine.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Martha, kwa sababu nataka umpende. Lazaro ndugu yao alipokufa, ni Martha aliyetoka kumlaki Yesu njiani, na katika Yohana 11 ndiye anayetamka kwamba Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Na sura ya 12, siku sita kabla ya Pasaka, wanamwandalia Bwana karamu Bethania, na Yohana anaandika kwa maneno machache kwamba Martha alikuwa anatumikia. Bado anatumikia! Lakini safari hii hasemi kitu, na dada yake anapomimina marhamu ya thamani miguuni pa Yesu, anayelalamika ni Yuda. Ndugu zetu Wakatoliki walikuwa na sikukuu ya Martha peke yake tarehe 29 Julai, na mwaka 2021 wakaamua siku hiyo wakumbukwe wote watatu wa nyumba ile, Martha, Mariamu na Lazaro. Mimi nilipenda uamuzi huo.

Imebaki Jumamosi yako. Najua ulishaanza kupiga hesabu ya ngano na mafuta. Ukipika maandazi utakuwa jikoni saa ya wimbo wa kufungulia, utakuja na sinia katikati ya somo, utarudi kuongeza chai wakati wa maombi, na watakapoondoka utakuwa umepokea jumuiya bila kuwa ndani yake. Pika chai tu, uiweke kwenye chupa mbili kabla hawajafika. Na karanga. Zikaange Ijumaa jioni, zipoe, utie kwenye kopo lenye mfuniko. Kutakuwa na mama atakayetazama meza halafu akutazame wewe. Mkaribishe kiti, kisha keti karibu na msomaji, ukiwa na Biblia yako isiyo na risiti.